Mvinyo, hema na sahani isiyo na nyama kando ya Ziwa Seneca

Swali: Ninaishi Columbus, Ohio, pamoja na mume wangu. Mwezi wa tisa mdogo wangu anakuja kutoka Dodoma, na tunataka kwenda kwa gari hadi Finger Lakes, jimbo la New York, tulale kwenye hema usiku nne na kuzunguka viwanda vya mvinyo kando ya ziwa. Mimi na mdogo wangu hatuli nyama wala samaki. Mayai na maziwa ya ng'ombe tunakula. Tupige hema wapi, tupange vipi siku, na chakula tutapata wapi? Halafu kuna mtu kaniambia mvinyo wenyewe hutiwa samaki. Ni kweli?

Jibu: Dada, nianze na la samaki. Ni kweli, lakini si kwa kila chupa, na ukijua kwa nini hutiwa utajua pia chupa ipi uiulizie.

Mvinyo ukimaliza kuchachuka huwa na ukungu. Ndani yake kuna protini za zabibu, mabaki ya hamira na chembe chungu zilizotoka kwenye maganda na mbegu. Mtengenezaji mwenye subira huuacha miezi kadhaa ujitulize. Anayetaka uhakika hutia kitu kinachonasa hizo chembe na kuzama nazo chini, kisha huuhamisha mvinyo safi na kuacha tope. Kitu hicho kinaweza kuwa bentonaiti, ambao ni udongo wa asili ya volkano. Kinaweza kuwa ute wa yai: pipa la lita 225 la mvinyo mwekundu huhitaji ute wa mayai kama matano hivi. Kinaweza kuwa kasini, protini ya maziwa ya ng'ombe. Kinaweza kuwa jelatini, inayotokana na ngozi na mifupa ya ng'ombe au nguruwe. Na kinaweza kuwa aisinglasi, ambayo ni bondo la samaki lililokaushwa na kusafishwa. Mdogo wako kama amefika Mwanza atakuwa ameona biashara ya mabondo ya sangara; ni kiungo hicho hicho cha samaki, ingawa ya kule husafirishwa zaidi kwenda Asia kuliwa.

Kwa nyinyi mnaokula mayai na maziwa, vya kuogopa ni viwili tu: jelatini na aisinglasi. Hapo Finger Lakes ina unafuu wake. Mvinyo unaoipa sifa ni Riesling, mweupe, na shida kubwa ya mvinyo mweupe ni protini inayouchafua chupa ikipata joto. Dawa ya protini ni bentonaiti, udongo mtupu. Lakini usiache kuuliza: aisinglasi, inapotumika, hutiwa zaidi kwenye mvinyo mweupe, na kwenye mwekundu jelatini hutumika kupunguza ukakasi.

Lebo haitakusaidia sana, kwa sababu sheria ya Marekani haimlazimishi mtengenezaji kutaja alichong'arishia. Ukiona neno unfined, hakutia chochote cha kunasa chembe. Ukiona unfiltered peke yake, usidanganyike: maana yake haukupitishwa kwenye chujio, lakini unaweza kuwa umetiwa jelatini na kuachwa utulie.

Namna ya kuuliza nayo ina kazi yake. Ukimwambia mhudumu "mvinyo wenu unafaa kwa asiyekula nyama?" atakujibu ndiyo kwa ukarimu. Uliza chupa kwa chupa na mwaka wa mavuno: "Huu wa mwaka huu mliung'arisha kwa kitu gani?" Kiwanda kile kile kinaweza kutumia udongo mwaka mmoja na jelatini mwaka unaofuata, kwa sababu mvua zilizidi na zabibu zikaingia zikiwa zimeanza kuoza. Wahudumu wengi ni wa msimu na hawajui ya ghalani, kwa hiyo andika barua pepe wiki mbili kabla kwa viwanda unavyovitaka. Taja unachokwepa (samaki na jelatini, si mayai wala maziwa), kwani ukiandika tu kwamba huli nyama, wengine watakujibu kana kwamba huli chochote cha mnyama na watakuondolea chupa nzuri bure.

Sasa tuje kwenye ramani.

Finger Lakes ni maziwa kumi na moja, marefu na membamba, yaliyochongwa na barafu ya kale, yamelala kaskazini kwenda kusini. Yenye viwanda vingi ni matatu: Seneca, Cayuga na Keuka. Seneca lina urefu wa kilomita 61 na kina cha mita 188, na ni hicho kina kinachofanya mizabibu iishi pale. Maji mengi kiasi hicho hutunza joto la kiangazi hadi katikati ya baridi na ni nadra kuganda, basi miteremko inayolitazama ziwa hukwepa baridi inayoua mizabibu kilomita chache tu juu ya kilima. Ukingo wa kusini mashariki, wenye kupigwa na jua la alasiri, wenyeji wanauita ukanda wa ndizi. Msitafute migomba.

Tofauti na Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, huku mavuno ni mara moja, kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba. Kwa hiyo Septemba mtakuta matrekta yenye mikokoteni ya zabibu barabarani, na watengenezaji wasio na muda wa kuzungumza. Ndiyo sababu nyingine ya kuuliza mapema.

Wingi wa viwanda vidogo vya familia nao una asili yake. Kwa muda mrefu watu waliamini mizabibu ya Ulaya haiwezi kustahimili baridi ya New York. Konstantin Frank, mhamiaji kutoka Ukraine aliyefika Marekani mwaka 1951, aliipandikiza kwenye mashina yanayovumilia baridi, na mwaka 1962 akafungua kiwanda chake juu ya Ziwa Keuka, Hammondsport. Kisha sheria ya jimbo ya mwaka 1976 ikawarahisishia wakulima wadogo kutengeneza mvinyo na kumuuzia mteja moja kwa moja shambani. Ndiyo maana leo unapita kilomita mbili unakuta kibao kingine cha kukukaribisha kuonja.

Kosa ninaloliona kwenye mipango mingi ni hili: mtu anatazama ramani, anaona kiwanda A ukingo wa mashariki na kiwanda B ukingo wa magharibi, vinatazamana, anavipanga vifuatane. Hakuna daraja la kuvuka Seneca. Itabidi uzunguke hadi ncha ya kaskazini, Geneva, au ya kusini, Watkins Glen, na saa nzima inaweza kuishia njiani. Siku moja, ukingo mmoja. Hiyo kanuni isivunjwe hata kama kuna kiwanda kimoja kinawatamanisha ng'ambo.

Kwa usiku nne, pigeni hema sehemu moja: Watkins Glen State Park. Iko ncha ya kusini ya Seneca, na kutoka hapo barabara ya 414 inapanda ukingo wa mashariki, ya 14 inapanda wa magharibi, Ithaca iko kilomita kama 40 upande mmoja na Hammondsport kama 40 upande mwingine. Kuna mabafu yenye maji ya moto. Na bonde lenyewe lina maporomoko 19 kwenye njia ya kutembea ya kilomita mbili na ushee, ngazi zaidi ya 800. Itembeeni asubuhi kabla ya kuonja, kwa sababu mawe huwa na maji na miguu iliyoonja haifai pale. Sampson State Park, kaskazini zaidi ukingo wa mashariki, ipo karibu na maji na inafaa mtu anayetaka kuogelea kuliko kuzunguka. Taughannock Falls ni ya anayelenga Cayuga. Kuhama hema kila siku sikushauri: kuvunja na kupiga upya hula karibu saa mbili, na ruhusa ya kuingia kwenye nafasi mpya huanza saa tisa alasiri ilhali ya zamani mnatakiwa kuondoka saa tano asubuhi. Saa nne hizo katikati mnazurura na vyombo vyote vikiwa garini.

Nafasi za hema kwenye bustani za jimbo hufunguliwa miezi tisa kabla ya tarehe, na za Ijumaa na Jumamosi za Septemba ndizo za kwanza kwisha. Asiye mkazi wa New York huongezewa ada kidogo kwa kila usiku. Kabla ya kulipa, angalia kalenda ya uwanja wa mbio za magari wa Watkins Glen, maana wikendi ya mbio mji mzima hujaa na barabara ya 14 husimama.

Kutoka Columbus ni kilomita zaidi ya 700: I-71 hadi Cleveland, I-90 hadi Erie, halafu I-86 kuelekea mashariki hadi Corning, kisha 414 kaskazini. Hesabuni saa nane pamoja na vituo. Ondokeni Alhamisi alfajiri, mfike jua likiwepo.

Ijumaa nendeni ukingo wa mashariki, na anzeni mbali. Endesheni moja kwa moja hadi Lodi, kilomita kama 25 kaskazini, mfungue siku huko saa nne au saa tano asubuhi vyumba vya kuonjea vinapofunguliwa, kisha mrudi kusini kidogo kidogo kuelekea hema. Hivyo kiwanda cha mwisho, mkiwa mmechoka, ndicho kilicho karibu na kitanda. Lodi kuna Lamoreaux Landing, na kuna Wagner, lenye jengo la pembe nane. Hector kuna Standing Stone, na kuna Hazlitt 1852. Hicho cha mwisho ni cha kelele na vijana, na mvinyo wake mashuhuri, Red Cat, ni mtamu waziwazi. Wajuaji huudharau. Mimi nasema kama mdogo wako amezoea mvinyo mtamu, umpeleke. Ataelewa zabibu ya Catawba ya huku, iliyomo kwenye mvinyo huo, ina harufu gani, harufu ambayo haimo kwenye zabibu za Ulaya.

Jumamosi ni siku ya mabasi ya harusi na makundi ya marafiki. Msishindane nao. Asubuhi nendeni soko la Windmill, kando ya 14A kusini ya Penn Yan, ambalo hufunguliwa Jumamosi na ndilo la kununulia mboga, mikate, jamu na kachumbari za chupa. Wauzaji wengi ni Wamenoni, dhehebu la Kikristo linaloshikilia maisha ya kale. Magari yao ya farasi yanatembea barabara hizo hizo, kwa hiyo kwenye kilele cha mlima punguzeni mwendo hata kama hamuoni kitu. Baada ya soko, shukeni barabara ya 14 kuelekea kusini. Hermann J. Wiemer, kilichoanzishwa mwaka 1979 na mtu kutoka bonde la Mosel, Ujerumani, ndicho ningekitembelea hata kama ni kimoja tu kwa safari nzima, kwa ajili ya Riesling yake kavu. Wekeni miadi. Kuonjesha ni kwa kukaa mezani, na anayefika bila miadi Jumamosi anaweza kurudishwa. Lakewood kiko karibu zaidi na Watkins Glen, kinafaa kumalizia.

Jumapili Wamenoni hawauzi, na vibanda vyao vya kando ya barabara hufungwa. Kwa hiyo Jumapili ni ya Ithaca. Soko la wakulima liko Steamboat Landing, ukingoni mwa Cayuga, na lina vibanda vya chakula kilichopikwa ambavyo asiyekula nyama hachagui kwa shida. Ithaca ndiko uliko mgahawa wa Moosewood, uliofunguliwa mwaka 1973 na kuijengea jina Marekani nzima kwa mapishi yasiyo na nyama. Alasiri pandeni barabara ya 89 hadi maporomoko ya Taughannock, mita 66, marefu kuliko Niagara ingawa maji yake ni kiduchu mwisho wa kiangazi. Kiwanda kimoja cha Cayuga kinatosha siku hiyo. Sheldrake Point kipo chini kabisa karibu na maji.

Jumatatu rudini kupitia Hammondsport. Kutoka pale hadi Bath na I-86 ni kilomita 13 tu, basi hamrudi nyuma. Kwa Frank ndiko mandhari ya Keuka yanakofunguka yote. Ila dreva siku hiyo haonji kabisa, hata kwa kutema.

Kuhusu kuonja na kuendesha, nifanye hesabu wazi. Kipimo cha kawaida ni mvinyo tano za mililita 30, yaani mililita 150, na hiyo kwa asilimia 12 ni gramu 14 za kilevi: kinywaji kimoja kamili. Viwanda vitatu ni vinywaji vitatu. Mwanamke wa kilo 60 akimeza vyote ndani ya saa nne anaweza kubaki na asilimia 0.06 hivi ya kilevi kwenye damu. New York, 0.08 ni kosa la jinai, lakini kuna kosa jingine linaloanzia 0.05, nalo hukufungia leseni. Kwa hiyo anayeendesha anatema kila kitu, au haonji. Kutema si utovu wa adabu. Ndoo ndogo ipo mezani kwa kazi hiyo, na kama haipo omba. Viwanda vitatu kwa siku ndiyo mwisho wangu. Ulimi wenyewe hulegea baada ya hapo, mvinyo wote unaanza kufanana na mnajikuta mnanunua chupa ya mwisho kwa sababu tu muuzaji alikuwa mcheshi.

Nyote mtaombwa vitambulisho. Mdogo wako abebe pasipoti yenyewe, si picha kwenye simu, hata kama ana miaka 40. Chupa iliyofunguliwa isikae mahali abiria anapoifikia, iwekeni kwenye buti.

Nyuma ya chupa nyingi za Riesling kuna mstari wenye mshale unaoonyesha mkavu hadi mtamu. Mstari huo haupimi sukari peke yake, unapima sukari ikilinganishwa na uchachu. Mvinyo wenye gramu 7 za sukari na gramu 8 za uchachu kwa lita utauhisi mkavu. Kwa hiyo mdogo wako asikimbie neno mkavu, wala wewe usikimbie mshale uliosogea kidogo.

Sahani ya jibini, sasa, hapo ndipo mtu asiyekula nyama hukosea Finger Lakes, kuliko kwenye glasi. Viwanda vingi havipiki. Vinauza jibini, biskuti za chumvi na nyama zilizokaushwa kwenye ubao mmoja. Kuondoa nyama hakumalizi kazi. Maziwa hugandishwa kwa reneti, na reneti ya jadi inatoka kwenye tumbo la ndama. Ipo pia ya ukungu na ya mimea, na ndiyo inayotumika kwenye jibini nyingi za Marekani za bei ya kawaida. Kwenye pakiti, vegetable au microbial ni salama. Enzymes peke yake haikuambii kitu. Parmigiano Reggiano halisi kila mara hutumia reneti ya ndama, bila ubaguzi. Wakulima wa jibini wa eneo hili wanauza wenyewe na wanajua walichotia, waulizeni ana kwa ana sokoni, nunueni kipande mnachokiamini, mkile na mvinyo kwenye meza za nje. Kwanza piga simu: kiwanda chenye mgahawa wake kwa kawaida hakiruhusu chakula cha nje, kisicho na mgahawa mara nyingi huruhusu.

Kwenye migahawa ya njiani, supu ya maboga au ya vitunguu huenda imepikwa kwa mchuzi wa kuku au wa ng'ombe. Maharage ya kuokwa hutiwa nyama ya nguruwe. Sosi ya saladi ya Caesar ina dagaa wa chumvi. Na pai ya zabibu za Concord ya mji wa Naples, ambayo mtaiona ikisifiwa kila mahali msimu huo, ujazo wake ni zabibu na sukari, lakini ganda linaweza kuwa limekandwa kwa mafuta ya nguruwe. Muulizeni muuzaji ganda limekandwa kwa mafuta gani. Mkizunguka moto jioni na vitamtam vyeupe vya kuchomea kijitini, marshmallow za kawaida zina jelatini. Zipo zisizo nayo, zinunueni Columbus kabla ya kuondoka.

Kambini pikeni vitu viwili vya uhakika. Cha kwanza ni cha wenyeji wa Syracuse, viazi vya chumvi. Chukua kilo moja ya viazi vidogo vyenye ganda jembamba, visivyozidi sentimita nne, visafishe bila kumenya wala kutoboa. Weka lita moja na nusu ya maji na gramu 200 za chumvi. Ndiyo, gramu 200. Vichemshe dakika 20 hadi 25, mwaga maji, rudisha sufuria kwenye moto mdogo dakika mbili hadi ganda likauke na kuota utandu mweupe wa chumvi, kisha mimina siagi iliyoyeyuka. Ganda zima huzuia chumvi isiingie, ndani kiazi kinakuwa laini kama malai. Kiazi kilichokatwa au kilichopasuka hakiliki, kitupe. Na maji yale yasimwagwe kwenye nyasi, yanaziua. Yapeleke kwenye sinki la kambi.

Cha pili ni dengu nyekundu zilizokobolewa, hazihitaji kulowekwa: gramu 250 kwa mililita 750 za maji, dakika 20, halafu kopo la tui la nazi, kitunguu na pilipili. Tui likishaingia moto uwe mdogo, likichemka sana linakatika. Hapo ndipo Riesling yenye utamu kidogo inapofanya kazi, maana sukari hutuliza pilipili. Mvinyo mwekundu wenye kilevi kingi huuongeza ule muwasho, basi Cabernet Franc muiweke kwa ajili ya uyoga au biringanya za kuchoma. Mahindi mabichi ya Septemba mnayajua wenyewe. Mtungi mdogo wa gesi wa gramu 450 huwaka saa mbili hivi kwa jiko moja likiwa kali, bebeni miwili.

Kuni msibebe kutoka Ohio. New York hairuhusu kuni za nje ya jimbo zisizopitishwa kwenye joto la kuua wadudu, na hata za ndani hazisafirishwi zaidi ya kilomita 80, kwa sababu ya mdudu mtoboa miti ya ash anayesafiri ndani ya magome. Nunueni bustanini na mtunze risiti. Usiku rakuni, mnyama mdogo wa porini mwenye vidole vyepesi, hufungua sanduku la barafu bila shida, kwa hiyo chakula chote kilale garini. Baada ya kutembea kwenye majani, jikagueni kupe hadi kwapani na nyuma ya magoti. Aliyeng'ang'ania mng'oe kwa kibanio kwa kuvuta wima, bila kumpaka mafuta wala kumchoma. Mkiona maji ya ziwa yana rangi ya kijani kama rangi iliyomwagwa, msiogelee wala msichote ya kupikia. Sumu ya mwani huo haiondoki kwa kuchemsha.

Mvinyo wenu adui yake ni gari lililofungwa juani. Joto ndani hupita nyuzi 50, kizibo husukumwa nje na ladha ya matunda hupikwa. Mkinunua asubuhi, lazeni chupa kwenye sanduku la pili lenye barafu kidogo, mkizifunga taulo ili lebo zisiloane. Kuhusu kunywa kambini, ulizeni mapokezi mkifika, bustani zinatofautiana. Kelele zinaisha saa nne usiku kila mahali.

Chupa za mdogo wako ziende kwenye mzigo wa kupakiwa, kila moja ndani ya soksi na katikati ya nguo. Mvinyo uko chini ya asilimia 24 ya kilevi, basi shirika la ndege halina neno zaidi ya uzito. Forodha ya Afrika Mashariki humsamehe msafiri lita mbili za mvinyo. Chupa mbili zinapita. Ya tatu ailipie ushuru, au muinywe nyinyi kabla hajapanda ndege.